Kokwa za Parachichi

Bwana Mwakalukwa alitaka mapazia kumi na mawili
ya nyumba yake ya wageni, hapa hapa Tukuyu.
"Yawe ya asili," alisema. "Weka twiga. Weka na mnazi."
Akaacha malipo ya awali juu ya cherehani,
akafungua mwavuli, akaenda.

Nilimchora twiga siku tatu.
Akatoka ngazi yenye masikio.
Mnazi nao ukawa ufagio uliosahauliwa umesimama.
Mvua ilipiga bati bila kupumzika
nami twiga sijawahi kumwona
ila kwenye mfuko wa saruji.

Siku ya nne nikatoka na karatasi na kipande cha mkaa.

Nikalaza karatasi juu ya jiwe la uani,
lile jeusi lililotobokatoboka
ambalo mlima ulilitema kabla ya majina yetu,
nikasugua.
Vitundu vikaja juu kimoja kimoja
kama ulezi uliomwagika gizani.
Nikasugua gome la mkaratusi:
mistari mirefu yenye haraka ya kubanduka.
Nikasugua kabichi iliyopasuliwa katikati,
na hapo nikakaa chini.
Miaka ishirini nakata kabichi
sikujua kwamba nakata barabara ya kupanda Isongole,
kona ndani ya kona,
hadi kule ukungu unapofunga njia.

Jani la mgomba sikulisugua.
Upepo ulishalichana utepe kwa utepe, bila rula.
Nilinakili tu, kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Ikabaki rangi.
Rangi za dukani zina kelele;
kijani chao hakijawahi kulala nje.
Chai ya Katumba si kijani kimoja:
alfajiri ni kijivu chenye siri,
saa sita ni manjano ya ncha changa,
jioni, wachumaji wakishapita,
ni buluu iliyochoka miguu.

Jirani yangu Atupele anauza parachichi.
Yaliyopondeka huwapa nguruwe, kokwa huzitupa.
Nikaziomba. Akacheka: "Unajenga nini na kokwa?"
Nikazipasua, nikazichemsha kwa maji ya mvua.
Maji yakawa ya chai. Yakawa ya kutu.
Halafu, nikiwa nimeshainama kuzima moto,
yakawa waridi,
waridi lile la ndani ya mdomo wa mtoto anayelia.
Sikumwita mtu. Nilisimama na mwiko.

Sufuria ya pili nikaitia misumari mikuukuu:
ikaja rangi ya jiwe linapoanza kulowa.
Viazi vya Umalila nikavichonga mihuri,
nikagonga kitambaa hadi taa ikaisha mafuta.

Bwana Mwakalukwa alikuja siku ya soko.
Akashika pazia, akaligeuza nyuma, mbele.
"Twiga yuko wapi?"
"Twiga haji huku," nikasema. "Baridi, na shingo yote ile."
Hakucheka.
Alipitisha kidole kwenye mistari ya kabichi
polepole, kona hii, kona ile,
kidole kikasimama.
"Hapa gari la baba lilikatika ekseli.
Tulilala hapa. Nilikuwa darasa la pili."

Sikumwambia ni kabichi.

Nilimwambia ukweli wa rangi tu:
itachuja, kila kufua itaondoka kidogo.
Alichukua kumi. Mawili alisema atafikiria.
Bado anafikiria,
nami nimeyatundika dirishani kwangu,
na mchana huu mvua inanyesha
upande wa nje wa kitambaa na upande wa ndani.

Jumapili, wakati wa sadaka, nilinyoosha mkono
Atupele akaviona vidole vyangu.
"Umechinja nini?" akaninong'oneza.
"Kokwa zako."

Jumatatu alileta gunia zima,
na bei.